Mwani sumbufu katika tangi la matumbawe

Mwani sumbufu ni jina la jumla la viumbe wanaotumia usanisinuru ambao hustawi kupita kiasi katika tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai, hadi kufunika miamba, mchanga, vioo na matumbawe yenyewe. Jina hilo hujumlisha mwani halisi, kama vile mwani-nywele na mwani-malengelenge, pamoja na viumbe wengine ambao kisayansi hawahesabiwi kuwa mwani wa kijani au mwekundu, hasa sianobakteria na dinoflajelati.

Kwa macho, wengi wa viumbe hao hufanana: utando wa kahawia juu ya mchanga unaweza kuwa diatomu, dinoflajelati au sianobakteria. Hata hivyo mahitaji yao ni tofauti sana, na dawa ya mmoja inaweza kuwa chakula cha mwingine. Kupunguza nitrati na fosfati hudhoofisha mwani-nywele, lakini kuzimaliza kabisa mara nyingi hufungua njia kwa dinoflajelati, ambao huua konokono na matumbawe. Kwa sababu hiyo utambuzi hutangulia tiba.

## Maana ya usumbufu

Katika pwani ya Afrika Mashariki neno mwani hutaja kwanza zao linalolimwa Unguja na Pemba, yaani jenasi *Eucheuma* na *Kappaphycus*, ambalo huuzwa nje kwa ajili ya kutengeneza karaginani, kiungo cha kuzidisha uzito wa vyakula na vipodozi. *Kappaphycus* hiyohiyo ilipelekwa visiwa vya Hawaii katika miaka ya 1970 kwa majaribio ya kilimo. Katika ghuba ya Kāneʻohe ilienea juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga, hata ikabidi iondolewe kwa pampu za kunyonya na kwa kuachilia wanyama wa miiba wa spishi *Tripneustes gratilla* waile.

Hivyo mwani huwa sumbufu kutokana na mahali ulipo na wingi wake. Katika tangi pia kuna mwani wenye manufaa. Mwani-chokaa, wenye rangi ya waridi au zambarau, hufunika miamba kama rangi ya ukutani na kuziba nafasi ambazo mwani mwingine ungeota. Ndani ya tishu za matumbawe yenyewe huishi mwani wa seli moja wa familia *Symbiodiniaceae*, ambao hulipatia tumbawe sehemu kubwa ya chakula chake. Mwani huo ni dinoflajelati, yaani ni ndugu wa wale wanaoogopwa zaidi na wafugaji.

## Sababu za kustawi

### Virutubisho

Chakula cha samaki ndicho chanzo kikuu cha virutubisho katika tangi. Mabaki yake na kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo bakteria huigeuza kuwa nitriti na baadaye nitrati. Fosfati hutoka katika chakula hichohicho. Tangi halina bahari ya kuzimua taka hizo, kwa hiyo hujilimbikiza.

Mwanasayansi Mmarekani Alfred Redfield alionyesha kwamba viumbe wadogo wanaoelea baharini huwa na atomu za kaboni, nitrojeni na fosforasi kwa uwiano wa karibu 106 : 16 : 1. Fosforasi kidogo inatosha kukuza mwani mwingi, na ndiyo maana fosfati hupimwa kwa makini kuliko nitrati. Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga nitrati ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfati ya miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita.

Vipimo vinaweza kupotosha kwa namna mbili. Kwanza, tangi lililojaa mwani huweza kuonyesha fosfati sifuri, kwa kuwa mwani umeifyonza yote mara tu inapotokea. Pili, miamba na mchanga wa chokaa hushika fosfati na kuirudisha majini polepole, hivyo kipimo huweza kupanda tena siku chache baada ya maji kubadilishwa.

### Maji ya kujazia

Maji ya bomba au ya kisima huweza kuwa na nitrati, fosfati, silikati na shaba. Maji yanapopungua tanginichini ya mvuke, yaani kwa kufanyika mvuke, chumvi na madini hubaki. Kila mara maji hayo yanapoongezwa, madini nayo huongezeka. Kwa hiyo maji ya kujazia husafishwa kwa osmosisi kinyume, kisha hupitishwa katika chembe za kuondoa ayoni hadi kipimo cha madini yaliyoyeyuka kifike sifuri.

### Mwanga

Mwanga ni nishati ya mwani, lakini matumbawe huuhitaji vilevile. Taa zikiwashwa kwa saa 8 hadi 10 kwa siku kwa kawaida hutosha. Jua linaloingia dirishani huongeza mwanga usiopimika, na tangi huwekwa mbali nalo.

### Upungufu wa walaji

Kwenye mwamba wa bahari, mwani huliwa kila siku na samaki kama pono, kangaja na tasi, pamoja na konokono na wanyama wa miiba. Walaji wakitoweka, mabadiliko huwa makubwa. Miaka ya 1983 na 1984 ugonjwa uliangamiza karibu wanyama wote wa miiba wa spishi *Diadema antillarum* katika bahari ya Karibi. Nchini Jamaika, ambako samaki wala-mwani walikuwa tayari wamevuliwa mno, matumbawe hai yalipungua kutoka takriban asilimia 52 ya eneo la miamba mwaka 1977 hadi asilimia 3 mwaka 1993, huku mwani ukipanda kutoka asilimia 4 hadi 92. Vimbunga navyo vilichangia uharibifu huo. Tangi lisilo na mlaji hata mmoja huwa katika hali kama hiyo tangu siku ya kwanza.

### Umri wa tangi

Katika tangi jipya, jamii za bakteria na mwani-chokaa hazijatulia, na kila sehemu iliyo tupu hugombaniwa. Kwa kawaida hutangulia diatomu, wakafuata mwani wa kijani au sianobakteria. Mfululizo huo huweza kuchukua miezi kadhaa na mara nyingi huisha wenyewe, ikiwa mfugaji hatabadili mambo mengi kwa wakati mmoja.

## Njia za utambuzi

Uchunguzi wa awali hufanywa bila kifaa chochote. Mambo ya kuangalia ni:

* rangi, na kama mwani una nyuzi, utando, vumbi au malengelenge;
* kama hung'oka kwa vipande, huchanguka mikononi au huteleza kama kamasi;
* kama una viputo vya gesi vilivyonaswa;
* kama hupungua usiku na kurudi baada ya taa kuwashwa;
* kama konokono wanaoula wanabaki hai.

Utando wa kahawia unapotia shaka, kuna jaribio rahisi. Sampuli hutikiswa kwa nguvu ndani ya chupa yenye maji ya tangi hadi ichanguke, kisha maji huchujwa kwa kitambaa au karatasi ya kuchujia kahawa. Maji yaliyopita huachwa kwenye mwanga kwa muda wa saa moja hivi. Yakiunda tena nyuzi au kamasi, huenda ni dinoflajelati, ambao wana uwezo wa kuogelea na kukusanyika. Jaribio hilo halithibitishi spishi. Uthibitisho huhitaji hadubini inayokuza mara 400, na hata ya shuleni hufaa.

## Aina kuu na udhibiti wake

### Diatomu

Diatomu hufanya vumbi la kahawia-dhahabu kwenye mchanga na vioo, linalofutika kwa kidole. Chini ya hadubini huonekana maganda yenye umbo la mtumbwi, sanduku au duara, yaliyotengenezwa kwa silika. Hutokea sana katika wiki za mwanzo, silikati ya mchanga mpya au ya maji ya bomba inapokuwa nyingi. Silikati inapokwisha nao hupungua. Konokono wa jenasi *Trochus* na *Cerithium* huwala, na kwa kawaida hakuna dawa inayohitajika.

### Sianobakteria

Sianobakteria hufanya utando unaoteleza wenye rangi nyekundu iliyoiva, wakati mwingine kijani au nyeusi, ambao hubanduka kwa vipande vikubwa. Mara nyingi huwa na viputo na harufu mbaya. Chini ya hadubini huonekana nyuzi nyembamba zilizonyooka, zisizo na kiini cha seli, kwa kuwa ni bakteria. Mababu zao walianza kujaza angahewa ya dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita.

Baadhi yao huweza kutumia nitrojeni ya hewa. Kwa hiyo kupunguza nitrati peke yake, fosfati ikiachwa juu, huwapa nafasi zaidi. Udhibiti huanza kwa kunyonya utando kwa mpira wakati maji yanapobadilishwa, kuongeza mwendo wa maji katika sehemu zilizotuama na kuondoa uchafu uliokwama. Kuzima taa kwa siku 3 huwadhoofisha, ila chanzo kisipoondolewa hurudi.

Kiuavijasumu erithromaisini huwaua, lakini kina gharama yake. Utando mwingi ukifa kwa pamoja, kuoza kwake hutumia oksijeni na samaki huweza kukosa pumzi usiku. Pia huweza kudhuru bakteria wanaosafisha amonia, na maji yenye kiuavijasumu yakimwagwa hovyo huchangia usugu wa vijidudu.

### Mwani-nywele wa kijani

Kundi hili lina jenasi kadhaa, ikiwemo *Derbesia*. Huota kama manyoya laini ya kijani yasiyo na matawi dhahiri. Ni dalili ya kawaida ya virutubisho vingi au ya upungufu wa walaji.

Mwani mrefu huondolewa kwanza kwa mkono, kwa kuwa konokono wengi huula ukiwa mfupi tu. Mwamba unaotoka kirahisi husuguliwa kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, nje ya tangi, ili vipande visisambae. Kisha huachiwa walaji: konokono wa jenasi *Trochus* na *Turbo*, samaki *Salarias fasciatus* anayepatikana pia Afrika Mashariki, na kangaja katika tangi kubwa. Sungura-bahari *Dolabella auricularia* hula kwa kasi, lakini chakula kikiisha hufa kwa njaa, na akisumbuliwa hutoa wino. Hufaa kukopeshana kuliko kumweka moja kwa moja.

### Bryopsis

*Bryopsis* hufananishwa na mwani-nywele, ila kila uzi una vijitawi pande mbili kama unyoya wa ndege au jani la mkangaga. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu walaji wengi huuacha, na huweza kuendelea kukua virutubisho vikiwa vichache. Kuung'oa huacha mizizi-bandia ndani ya mwamba, ambayo huchipua tena.

Njia ya zamani ni kupandisha magnesi kutoka kiwango cha bahari cha karibu miligramu 1,300 kwa lita hadi 1,600 au zaidi kwa wiki kadhaa. Matokeo yake hutofautiana. Njia inayotumika zaidi sasa ni flukonazoli, dawa ya binadamu ya kutibu maambukizi ya kuvu. Mwani hupauka na kufa kwa wiki mbili au tatu. Kaboni ya kuchujia huondolewa wakati wa tiba ili isifyonze dawa, na mwani unaokufa hunyonywa ili usirudishe virutubisho majini. Dawa hiyo haiui sianobakteria wala dinoflajelati, hivyo kuitumia bila utambuzi ni kupoteza wiki hizo bure.

### Mwani-malengelenge

*Valonia ventricosa* hufanya malengelenge ya kijani yanayong'aa kama shanga za kioo. Kila lengelenge ni seli moja, na likikua hufikia sentimita kadhaa, jambo linaloufanya kuwa miongoni mwa viumbe wa seli moja wakubwa kuliko wote. Malengelenge hutolewa yakiwa mazima kwa kuyabandua pamoja na kipande cha mwamba, huku mpira wa kunyonyea ukiwa karibu, kwa maana yakipasuka vipande vyake vinaweza kuota tena. Kaa wa kijani *Mithraculus sculptus* kutoka Karibi huyala, ingawa si kila kaa hufanya hivyo, na mwenye njaa huweza kudonoa matumbawe.

### Dinoflajelati

Dinoflajelati hufanya kamasi ya kahawia yenye nyuzi zinazoning'inia na viputo kwenye ncha. Hupungua usiku na kurudi mchana. Konokono wakianza kufa au kulala chali bila sababu, hao ndio wa kushukiwa kwanza. Mara nyingi hulipuka katika tangi safi mno, ambalo nitrati na fosfati zimeshuka hadi sifuri na washindani wao wamekosa chakula.

Jenasi hutofautishwa kwa hadubini:

* *Ostreopsis*: umbo la tone la maji au mbegu ya tikiti, huzunguka kwenye nukta moja kana kwamba amefungwa kamba.
* *Coolia*: duara zaidi, na huogelea.
* *Prorocentrum*: umbo la yai, mwenye kijipengo upande wa mbele.
* *Amphidinium*: bapa, mwenye kichwa kidogo kilichopinda kama mdomo wa ndege, huteleza juu ya mchanga.

Tofauti hizo huamua tiba. *Ostreopsis* na *Coolia* huachia mchanga na kuelea majini usiku, hivyo taa ya urujuanimno iliyounganishwa moja kwa moja na tangi huwaua wanapopitishwa humo. *Amphidinium* hubaki mchangani na taa hiyo haimgusi. Kwake wafugaji huongeza silikati ili diatomu wastawi na kumnyang'anya nafasi. Kwa jenasi zote, nitrati na fosfati hupandishwa hadi zipimike, na ubadilishaji wa maji husitishwa kwa muda. Mfugaji aliyezoea mwani-nywele huona ushauri huo kuwa wa kinyume, na wengi huendelea kupunguza chakula huku tatizo likizidi.

## Mbinu za jumla

Mbinu zifuatazo huzuia mwani-nywele na mwani mwingine unaotegemea virutubisho vingi:

* Kulisha kwa kiasi. Chakula kilichogandishwa huyeyushwa na kuchujwa, na samaki hupewa kile wanachomaliza kwa dakika chache.
* Kichujio cha povu. Viputo vidogo vya hewa hubeba uchafu wa kikaboni hadi kwenye kikombe kabla haujaoza.
* Tangi la kando la mwani. Mwani usio na madhara, hasa *Chaetomorpha*, hukuzwa chini ya taa yake na kuvunwa. Kila ukivunwa, nitrati na fosfati hutoka nao. Walter Adey wa Smithsonian Institution nchini Marekani aliendeleza wazo hilohilo kwa kutumia wavu ambao mwani mfupi huota na kukwanguliwa.
* Chembe za oksidi ya chuma. Hushika fosfati. Huanzwa kwa kiasi kidogo, kwa kuwa fosfati ikishuka ghafla matumbawe hupauka na dinoflajelati hupata nafasi.
* Karantini. Kila tumbawe jipya hukaguliwa pamoja na kigingi lilichogandishwa, kwa sababu *Bryopsis* na *Valonia* huingia kwa njia hiyo.

Kanuni ya kawaida ni kubadili jambo moja kwa wakati na kusubiri wiki mbili au zaidi kabla ya kubadili lingine. Mambo matatu yakibadilishwa siku moja, haijulikani lipi lilisaidia na lipi lilidhuru.

## Usalama wa binadamu

Baadhi ya *Ostreopsis* hutoa sumu za kundi la palitoksini. Mwaka 2005 huko Genoa, Italia, watu wapatao 200 walihitaji matibabu baada ya kuvuta hewa ya ufukweni wakati *Ostreopsis ovata* alipostawi baharini. Walipata homa, kikohozi na shida ya kupumua. Palitoksini hupatikana pia katika baadhi ya wanyama wa jenasi *Palythoa*, ambao hufugwa pamoja na matumbawe. Kwa hiyo miamba haichemshwi wala kumwagiwa maji ya moto ili kuua mwani, kwa sababu mvuke hubeba sumu. Glavu na miwani huvaliwa wakati wa kusugua, na mpira wa maji hauvutwi kwa mdomo.

## Athari kwa mazingira

Mwani wa tangi ukifika baharini huweza kuleta hasara isiyorekebishika. Mwaka 1984 kipande cha eneo la takriban mita moja ya mraba cha *Caulerpa taxifolia*, aina iliyozoeshwa katika matangi ya Ulaya, kilionekana chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Mwanabiolojia Alexandre Meinesz wa chuo kikuu cha Nice alitoa tahadhari, lakini mwani huo ulienea katika pwani za nchi kadhaa za Mediteranea na haukuweza kuondolewa tena.

Mwaka 2000 aina hiyohiyo iligunduliwa katika sehemu mbili za pwani ya California. Huko hatua zilichukuliwa mapema: mwani ulifunikwa kwa maturubai na kutiwa klorini chini yake. Mwaka 2006 ulitangazwa kuwa umekwisha, baada ya kutumia zaidi ya dola milioni 7. Mwaka 2001 California ilipitisha sheria iliyokataza kumiliki au kuuza spishi kadhaa za *Caulerpa*.

Kwa hiyo mwani uliong'olewa, miamba na maji ya tangi havitupwi baharini, mtoni wala kwenye mfereji wa mvua. Mwani hukaushwa juani au kugandishwa kwenye friza kisha kutupwa pamoja na taka za nyumbani, na maji humwagwa mahali yasipoweza kufika baharini. Hilo huhusu hata mwani wa spishi ya asili ya mahali hapo, kwani aina iliyokuzwa tangini huweza kuwa na tabia tofauti na ile ya porini.

## Tazama pia

* Mwani
* Matumbawe
* Sianobakteria
* Usanisinuru
* Spishi vamizi